Asili ya Themanini ya Kifaransa

Mfaransa atajapo themanini husema quatre-vingts, yaani ishirini nne. Tisini kwake ni ishirini nne na kumi. Kilatini, kilichokizaa Kifaransa, hakikuhesabu hivyo: octoginta ni makumi manane. Ndipo ikazoeleka kudaiwa kwamba mtindo huu ni urithi wa Wagali, yaani Wakelti waliokalia Ufaransa kabla ya Warumi.

Dai hili lapendeza kuliko linavyothibitika. Nguzo yake ni Kiwelisi na Kibretoni, lugha za Kikelti zinazohesabu kwa ishirini. Lakini Kiairishi cha kale, nacho Kikelti, kilihesabu kwa makumi: tricha ni thelathini, ochtmoga ni themanini, ishirini zilishika nafasi humo baadaye. Katika Kifaransa nako hesabu hii yaonekana katika maandishi ya karne ya 12, wakati lugha ya Wagali ilikwisha kufa karne nyingi. Hapo ndipo ilipostawi kweli: hospitali ya vipofu 300 iliyoanzishwa Paris na Mfalme Louis wa Tisa, yapata mwaka 1260, iliitwa Quinze-Vingts, ishirini kumi na tano. (Wabelgiji hata leo husema septante kwa sabini, na nonante kwa tisini.)

Tena, kufanana si lazima kuwe udugu. Kiyoruba nacho huunda themanini, ọgọ́rin, kwa ishirini nne, na hakuna awasingiziaye Wagali kwa hilo. Vidole vya mikono na miguu ni 20 kila mahali. Atakaye kuwatetea Wagali na aanze na maandishi yao wenyewe.