Thamani, Mtaji na Mkopo: Uhakiki wa Istilahi za Uwekezaji

Tafsiri nyingi zihusuzo kampuni changa za teknolojia ya fedha hazina kosa la sarufi, lakini zinapotosha maana. Mfano ufaao ni habari za Klarna, kampuni iliyoanzishwa Stockholm, Sweden, mwaka 2005, ambayo humlipa mwenye duka na kumwachia mnunuzi alipe baadaye.

Juni 2021 kampuni hiyo ilipata dola milioni 639 kutoka kwa wawekezaji, kwa thamani ya dola bilioni 45.6. Julai 2022 ilipata dola milioni 800, lakini thamani ikashuka hadi bilioni 6.7. Kuandika kwamba kampuni ilikuwa na "mtaji wa bilioni 45.6", kisha "ikapoteza bilioni 38.9", ni kosa. Fedha hizo hazikuwahi kuwamo katika hazina yake. Mwekezaji hununua sehemu ya hisa. Bei ya hisa moja huzidishwa kwa idadi ya hisa zote, na jibu ndilo liitwalo thamani. Mwaka 2021 sehemu isiyofika asilimia 2 ndiyo iliyotumika kuipimia kampuni nzima.

Je, tuliite jambo hili uthamini? Neno hilo limekwisha kukaa katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2016, na mthamini ni mtaalamu aliyesajiliwa, anayekagua nyumba au kiwanja. Hapa hakuna mkaguzi wa namna hiyo. Kuna watu wawili waliopatana bei. Makisio nayo yamezoeleka katika bajeti. Kwa hiyo tunaona thamani ya mapatano yafaa zaidi. Hapana budi pia kutenga thamani kabla ya mtaji mpya na thamani baada yake: mwaka 2022 ya kwanza ilikuwa bilioni 5.9, ikaongezwa milioni 800, ikawa 6.7. Septemba 2025 hisa za Klarna zilianza kuuzwa katika soko la hisa la New York. Tangu hapo istilahi sahihi ni thamani ya soko.

Ama kuhusu jina la mtaji wenyewe, mtaji hatarishi haukubaliki. Kiambishi hicho cha kutendesha chaonyesha kwamba mtaji ndio unaoleta hatari, hali wenyewe ndio uliomo hatarini. Mtaji wa ubia ni mpana mno, kwani ubia wowote una mtaji. Tunapendekeza mtaji wa kuthubutu, maana mwenye fedha anajua kwamba huenda zisirudi.

Kwa sababu hiyo hiyo, kusema kampuni "imekopeshwa" na mwekezaji wa hisa ni kosa kubwa. Mkopo hulipwa, tena kwa riba. Mwenye hisa hana dai hilo, na kampuni ikifa hupata hasara pamoja nayo. Katika habari za kampuni ambayo yenyewe hukopesha wanunuzi, kosa hilo humvuruga msomaji kabisa.

Jambo hili si la wanalugha peke yao. Afisa anayesoma kwamba kampuni ina mtaji wa mabilioni aweza kuipa zabuni kwa kuamini fedha zisizokuwapo. Na mfanyakazi anayelipwa kwa hisa aweza kuhesabu utajiri ambao hakuna aliyekubali kuununua. Tunawaomba wafasiri na walimu wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, na watuletee hoja za kuziunga mkono au kuzipinga.