Tropheus wa Ziwa Tanganyika: Namna ya Kuwavua na Kuwazalisha

Tropheus ni samaki wadogo wa familia ya Cichlidae, ile ile ya sato na perege, na hawapatikani kwa asili popote duniani ila Ziwa Tanganyika. Huishi kwenye maji mafupi ya pwani zenye mawe, wakila mwani unaoota juu ya miamba. Hawapendi kuvuka mchanga wala kilindi, kwa hiyo kila kipande cha pwani kimejitenga na kingine kwa muda mrefu kiasi cha kuwa na rangi zake. Ndiyo maana wafugaji wa Ulaya na Marekani huwaagiza kwa majina ya mahali, kama Maswa au Ikola. Biashara hiyo ilipata nguvu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipokuwa akisafirisha samaki hai kutoka Bujumbura.

Uvuaji wa Tropheus hauwezi kupimwa kwa kipimo cha dagaa au migebuka. Jike hutaga mayai machache sana, mara nyingi kati ya 5 na 15, kila moja likiwa na kipenyo cha milimita 6 hivi. Huyaokota mara moja na kuyaatamia kinywani kwa takriban wiki nne, na vifaranga huanza kulishwa wakiwa bado humo humo. Perege mmoja hutoa mamia ya vifaranga kwa mkupuo. Rundo la mawe lililokombwa Tropheus wote litakaa miaka mingi kabla ya kujaa tena, kwa sababu wa pwani ya jirani hawavuki mchanga kuja kuziba pengo.

Wapiga mbizi hupanga wavu wa macho madogo kulizunguka rundo la mawe, kisha huwasukuma samaki polepole hadi waukabili wavu, na kuwakamata kwa vyandarua vya mkono. Kazi hii haihitaji dawa wala kugeuza mawe. Mvuvi makini huwachagua pale pale chini ya maji. Jike anayeatamia hujulikana kwa koo lililotuna na kinywa kilichofumbwa. Akikimbizwa huyatema mayai, na uzao huo huwa umepotea. Huyo huachwa. Idadi ndogo ya samaki wenye afya kutoka mahali pamoja yatosha kuanzisha ukoo mzima kwenye matangi.

Kuwapandisha juu kunataka subira. Kibofu chao cha hewa hakina njia ya kutolea hewa haraka, na samaki aliye mita 10 chini yumo kwenye mgandamizo maradufu ya ule wa juu ya maji. Akivutwa ghafla, hewa hiyo hutanuka, tumbo huvimba na macho hutokeza. Kwa Cyphotilapia, samaki mwingine wa ziwa hilo anayevuliwa kilindini zaidi, vizimba huinuliwa mita chache kwa wakati, hata kwa siku kadhaa.

Hasara nyingine hutokea ndani ya mfuko wa plastiki. Samaki hufungishwa siku mbili au zaidi ili matumbo yawe matupu, kisha hufungwa katika theluthi moja ya maji na theluthi mbili za oksijeni. Maji ya Tanganyika yana pH inayokaribia 9, na katika maji ya namna hiyo amonia inayotoka kwa samaki huwa sumu kali. Safarini kabonidayoksaidi ya pumzi zao hushusha pH na kuipunguzia makali sumu hiyo. Mfuko unapofunguliwa gesi hutoka, pH hupanda, na amonia hurudia ukali wake. Mpokeaji anayewaacha samaki katika maji ya safari akiyachanganya polepole kwa saa nyingi huwaua kwa wema wake. Yampasa kusawazisha joto mfuko ukiwa bado umefungwa, kisha kuwahamisha upesi kwenye maji safi yaliyoandaliwa kwa pH ifaayo.

Tangini hufugwa kwa makundi makubwa, maana wakiwa wachache dume mmoja huwaandama wengine hadi kufa. Chakula chao ni mwani, hasa spirulina. Utumbo wao ni mrefu, na vyakula vizito vya nyama huwaletea ugonjwa wa kuvimba tumbo. Jike akiachwa atulie humaliza kuatamia mwenyewe, na hilo ni bora kuliko kumfungua kinywa ili kuvuna vifaranga mapema.

Makundi ya pwani mbili hayafai kuchanganywa, kwani huzaana na rangi zao hupotea. Wala waliosalia ghalani wasimwagwe ziwani popote palipo karibu: katika Ziwa Nyasa, kisiwa cha Thumbi West kina samaki wa kutoka sehemu nyingine waliofikishwa hapo na biashara kama hii. Kwa sababu hiyo, jina la mahali pa kuvuliwa linapaswa kumfuata samaki tangu kwenye mtumbwi hadi kwa vifaranga wake. Anayeuza Tropheus bila jina hilo anauza samaki asiyefaa kuendeleza ukoo wowote, na mnunuzi asimpokee.