Androjine: neno la sifa ao neno la matusi?



Juma iliyopita, mu grupu moja ya wanafunzi, dada mmoja alitia foto yake: nywele zimekatwa fupi kabisa, kostime ya wanaume, koravati. Jibu ya kwanza ilikuwa neno moja tu: "Androjine!" Bengine bakacheka. Yeye hakujibu, akaitosha foto.

Mwenye kuandika vile ni muntu wa masomo. Njo maana sikutaka kunyamaza.

Neno hilo ni la Kigiriki. "Andr-" ni mwanaume, "gune" ni mwanamuke. Basi. Halisemi nani anapenda nani. Tena si sawa na hermafrodite, ambalo lilitoka ku jina la mtoto wa Hermes na Afrodite mu hadisi za Ovidius. Sisi wenye diplome tunachanganya hayo yote kila siku. Agronome, yeye, anasema androjine bila kucheka: ni mmea wenye kubeba maua dume na maua jike ku shina moja ya maua. Muhogo uko vile, maua jike chini, maua dume juu, na sijaona muntu anakatala sombe juu ya ile.

Wengi wanajua neno kupitia kitabu cha Plato kinachoitwa Karamu. Mule ndani Aristophanes, mwandishi wa michezo ya kuchekesha, anaeleza kwamba zamani watu walikuwa aina tatu, wa duara, mikono mine, miguu mine: wanaume wa jua, wanawake wa dunia, na androjine wa mwezi. Zeus akawapasua katikati, na tangu pale kila nusu inatafuta nusu yake. Watu wanapenda kurudilia hadisi hiyo ku harusi. Lakini wanaruka jambo moja dogo: Aristophanes mwenyewe anasema kwamba siku zake neno lile lilikuwa limebakia tu kama jina la haya. Kwa hiyo rafiki yetu wa grupu hakuvumbua kitu. Tusi lake lina zaidi ya miaka 2300. Na Kiswahili kilipita njia ile ile: huntha na hanithi yalitoka ku mzizi mmoja wa Kiarabu, la kwanza linataja hali ya mwili, la pili watu wanarushiana kama jiwe.

Mwenye kujaribu kulisafisha neno alikuwa Virginia Woolf, mu kitabu kilichotoka 1929 (kwa Kifaransa ni Une chambre à soi). Mu sura ya sita anaangalia dirishani, London, anaona mwanaume na mwanamuke wanaingia mu taksi moja. Pale anachukua wazo la Coleridge, kwamba akili kubwa ni androjine, na anapima nalo waandishi: Shakespeare anapita vizuri, Proust pia, hata kama ana umwanamuke kidogo wa kuzidi, Milton na Tolstoy wana uume mwingi sana. Ni kurasa nzuri. Nilizisoma mara mbili kwa furaha.

Lakini siziamini zote. Sura ya kwanza, msimuliaji wake anafukuzwa ku majani ya chuo kikuu juu ni mwanamuke, kiisha anazuiwa ku mlango wa biblioteke. Kitabu kizima kinasema: mwanamuke akitaka kuandika anahitaji pauni 500 kwa mwaka na chumba chenye kufuli. Halafu, karibu na mwisho, anamwambia mwandishi asahau kama yeye ni mwanamuke ao mwanaume. Asahau namna gani, na yule mlinzi bado anasimama pale ku majani? Elaine Showalter, mu 1977, aliita jambo hilo kukimbia. Naona ni kali kidogo, juu Woolf alitafuta uhuru wa kuandika bila hasira, na uhuru ule si kitu kidogo. Lakini swali lake ni la haki.

Wengine watasema: sisi hatuna shida hiyo, Kiswahili hakina "il" na "elle". Ni kweli, ukisema "alikuja", hakuna anayejua kama ni kaka ao dada. Lakini jioni, wakati chakula kimeisha, nyumba nzima inajua nani atasafisha masahani. Neno lisilo na jinsia halikumupa bado muntu chumba wala kufuli.

Sasa yule dada wa koravati hakusema kama akili yake ni ya mwanaume, ya mwanamuke, ao ya wote mbili. Alivaa kostime tu.

Kitabu cha Woolf ni kifupi, sura sita. Anzeni na ya sita, kiisha mrudilie ya kwanza, mwone kama zinapatana. Mimi naona hazipatani. Mwenye kuona tofauti aandike hapa chini, tubishane.