Dirisha Linalofunguka Ghorofa ya Arobaini

Wanaofanya kazi kwenye maghorofa marefu wamezoea kukosa dirisha la kufungua. Kule juu upepo ni mkali, karatasi hupeperuka na milango hujibamiza, hivyo wajenzi huziba pande zote kwa vioo na kuviachia viyoyozi kazi kuanzia asubuhi hadi jioni. Msanifu Norman Foster na wenzake hawakukubali kwamba ni lazima iwe hivyo. Mnara walioisanifia benki ya Commerzbank mjini Frankfurt, Ujerumani, ulikamilika mwaka 1997. Una mita 259 bila kuhesabu antena, na mfanyakazi wa ghorofa ya arobaini hufungua dirisha lake mwenyewe.

Ukuta wa nje una tabaka mbili. Kioo cha nje hakifunguki. Kazi yake ni kupokea kishindo cha upepo na mvua, na pameachwa mianya ya kupitisha hewa. Nyuma yake kuna uwazi mwembamba wenye pazia la kukinga jua. Kisha ndipo lilipo dirisha lenyewe, ambalo hulala kidogo kwa ndani likifunguliwa. Hewa inayomfikia mtu mezani imekwisha kuvunjwa makali. Upepo au joto likizidi kiasi, mitambo ya jengo huyafunga madirisha, na maji baridi yanayopita kwenye mabomba ya dari huvipoza vyumba.

Lakini dirisha peke yake lisingetosha, na hapa ndipo usanifu huu unaponishangaza zaidi. Ramani ya jengo ni pembetatu yenye pande zilizobinuka kidogo. Kwa kawaida lifti, ngazi na vyoo hukaa katikati ya mnara. Hapa vimesukumwa kwenye pembe tatu. Katikati pamebaki wazi toka chini hadi juu, pakikatwa kwa dari ya kioo kila baada ya ghorofa 12 ili moshi na upepo visipande bila kizuizi. Kila ghorofa ina ofisi pande mbili tu. Upande wa tatu ni bustani yenye kimo cha ghorofa nne. Bustani ziko tisa, zinapanda zikiuzunguka mnara, hivyo hata aliyepangiwa upande wa ndani hupata mwanga, huona miti, na nyuma ya miti huuona mji. Kusini kuna mizeituni, mashariki mianzi, magharibi miti ya Marekani Kaskazini.

Bustani hizo hazina nguzo katikati. Fremu za chuma zenye kimo cha ghorofa nane huubeba uzito kutoka pembe hadi pembe. Mtu hukaa chini ya mzeituni akala chakula cha mchana, na juu yake kuna ghorofa kadhaa za ofisi, wala hana haja ya kuwaza zimeshikwa na nini. Wahandisi waliofikia hapo wanastahili heshima sawa na msanifu.

Dar es Salaam na Mombasa, kwa joto na unyevu wake, zitahitaji ufumbuzi mwingine. Nairobi sivyo: iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na haina baridi kali ya Frankfurt wala joto la pwani. Wanaochora minara ya Nairobi, tafadhali, tupeni madirisha yanayofunguka.