Ateri ya Figo: Kuitanua Ni Rahisi, Kazi Ni Kumteua Mgonjwa

Hospitali ya Karen, iliyofunguliwa mwaka 2006 na madaktari wa moyo Dan na Betty Gikonyo, ni miongoni mwa hospitali za Nairobi zenye maabara ya katheta. Wengi wanazijua maabara hizi kwa kuzibua mishipa ya moyo. Waya na puto hizohizo hutanua pia ateri ya figo iliyosinyaa na kupandisha presha.

Mwaka 1934 mtafiti Harry Goldblatt alibana ateri za figo za mbwa, presha ikapanda. Figo ikipungukiwa damu humwaga renini, nayo huzalisha angiotensini inayokaza mishipa na kuufanya mwili uzuie chumvi na maji.

Daktari hushuku kusinyaa kwa ateri ya figo presha inapogoma kushuka kwa dawa tatu, inapomvamia kijana, au kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, inapopanda ghafla baada ya kuanza dawa za presha kama enalapril au losartan. Huweka stetoskopu juu kidogo ya kitovu na kusikiliza mvumo wa damu inayopenya kwa shida. Kisha huagiza altrasaundi ya mishipa.

Ikiamuliwa ateri itanuliwe, mgonjwa hutiwa ganzi kwenye kinena au kifundo cha mkono, akiwa macho. Katheta, yaani mrija mwembamba, hupandishwa hadi kwenye aota, rangi yenye ayodini hudungwa, na eksirei huonyesha mahali palipobana. Waya mwembamba hupitishwa hapo, puto hujazwa kwa sekunde chache, na stenti, kimrija cha wavu, huachwa ishikilie ukuta. Rangi hutumiwa kwa kiasi kidogo kabisa, kwani nayo huweza kuidhuru figo.

Lakini ateri kufunguka si presha kupona. Utafiti wa CORAL, uliochapishwa 2014, ulifuatilia wagonjwa 947 ambao ateri zao zilibanwa na mafuta. Waliowekewa stenti hawakuepuka kiharusi, shambulio la moyo wala figo kufeli zaidi ya waliotumia dawa pekee.

Wanaonufaika zaidi ni wengine: msichana ambaye ukuta wa ateri yake umeota vibaya, ambaye kwa kawaida puto pekee humtosha; au mgonjwa ambaye mapafu yake hujaa maji ghafla mara kwa mara. Ugonjwa wa Takayasu, unaovimbisha kuta za ateri, nao hudai uvimbe huo utulizwe kwanza.

Ukionyeshwa picha ya ateri iliyobana, muulize daktari mambo mawili kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa: nini kimeibana, na je, dawa zimepewa nafasi ya kutosha?