Amana Katika Kasha Kuukuu

Katika mtaa wa Majengo, Dodoma, yuko fundi wa kompyuta ambaye, mteja wa fedha haba anapomwomba amuundie seva ndogo ya kuhifadhia picha na nyaraka za nyumbani, hamtajii bei, bali humwuliza kwanza ni kitu gani akikipoteza hatakipata tena hata kwa mali. Swali hilo huwaudhi wenye haraka. Lakini mimi, niliyezoea kuketi katika benchi lake, naliona kuwa ndilo mlango wa ustadi wake wote, kwani asiyejua kinacholindwa hawezi kujua mahali pa kubana fedha na mahali pa kuzitoa.

Kasha huchukua kuukuu, la kompyuta ya ofisini iliyokwisha kustaafu, na mji huu, tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, haupungukiwi na makasha ya namna hiyo. Prosesa ya zamani humtosha, maadamu kazi yake ni kutunza, wala si kukimbia. Lakini ikifika zamu ya pawa saplai, mtu huyu mpole hugeuka mgumu: huipima uzito kiganjani, huinusa kama imepata kuungua, huipuliza kwa blowa ili kuitoa vumbi ambalo upepo wa kiangazi hulipenyeza katika kila tundu la mji, na akiwa na shaka nayo huitupa, kwa sababu umeme mbaya hauui kifaa kimoja tu. Yupiesi, yaani betri ya dharura, nayo huitaka kabla ya ramu ya ziada, maana umeme ukikatika diski ingali inaandika, faili huweza kuharibika.

Kwenye diski ndipo nilipozidi kumstahi. Diski iliyotumika hubeba ndani yake habari za maisha yake yenyewe, nayo programu humwonyesha fundi ni saa ngapi imefanya kazi na ni sehemu ngapi zimeoza. Siku moja aliletewa diski safi, yenye kung'aa, ya bei ya kutamanisha. Akaisoma, akakuta saa 43,800, yaani miaka mitano ya mchana na usiku bila kupumzika, na sehemu mbovu zimekwisha kuanza kuzaana. Akaifuta kwa kitambaa, akamrudishia muuzaji kwa adabu, wala hakubishania bei. "Hii, mzee wangu, imeshachoka," aliniambia. Hata zilizo mpya haziamini kwa jina: mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za Western Digital za aina ya Red, zilizouzwa kwa kazi hii hii, ziliandika data kwa mistari iliyopandiana, njia ambayo huweza kuchelewesha sana uandishi, na mnunuzi hakuelezwa. Ndiyo sababu yeye huuliza namba ya modeli kabla ya kuuliza ukubwa.

Diski ya kwanza iliyouzwa na IBM, mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha inchi 24, na zote pamoja zilihifadhi herufi milioni 5 tu, nafasi ambayo leo picha moja ya simu aghalabu hukaribia kuijaza. Uhaba ulizaa heshima. Wingi umezaa dharau. Wazee wa Ugogo, nchi hii ya Dodoma, walioonja njaa ya Mtunya, baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kuwazolea nafaka na ng'ombe, hawakuhitaji kufundishwa thamani ya akiba. Sisi twaiacha harusi ya binti na sauti ya marehemu katika simu moja, na simu ikiibwa twasema ni kudura. Sauti ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Ugogo aliyefariki mwaka 2003, twaisikia hata leo kwa kuwa ilirekodiwa na nakala zake zikaenea duniani. Sauti za bibi zetu ziko wapi?

Basi, msomaji, ikiwa una fedha kidogo, nunua diski mbili nzuri uzitie katika kasha baya, wala usinunue diski mbaya kwa ajili ya kasha zuri. Moja na iwe nakala ya mwenzake. Lakini kumbuka kwamba ukifuta picha katika moja, ya pili nayo hutii amri hiyo hiyo, na mwizi akibeba kasha hubeba zote. Nakala ya tatu mpelekee ndugu yako wa Kondoa au Mpwapwa, nawe umtunzie yake.