Kereng'ende wa Maldivi: swali liligeuka jibu lini?

Huenda umeshaisikia habari hii: kila mwaka mamilioni ya kereng'ende hutoka India, hupita Maldivi, huvuka Bahari ya Hindi na kutua kwetu Afrika Mashariki. Habari tamu kweli. Lakini kabla hujamsimulia mwenzako, twende tukaisome ilikoanzia.

Mwaka 2009 Charles Anderson, mwanabiolojia wa bahari aliyeishi Maldivi kwa miaka mingi, alichapisha makala katika jarida la Journal of Tropical Ecology. Kichwa chake ni swali: je, kereng'ende huhama kuvuka magharibi mwa Bahari ya Hindi? Mwaka huohuo akatoa mhadhara wa TED nchini India, na video yake ikapewa jina linalosema kwamba wanavuka bahari, basi. Umeona? Alama ya kuuliza imeyeyuka. Na wengi wetu tuliijua habari kwa video, si kwa makala.

Nianze na sifa, maana makala inazistahili. Maldivi ni visiwa vya matumbawe takriban 1,200. Havina mito, na mvua ikinyesha maji huzama mchangani. Mabuu wa kereng'ende nao huhitaji maji baridi. Sasa hao wanaojaa hewani kuanzia Oktoba, wengi wao wa spishi ya Pantala flavescens, wametoka wapi? Anderson hakuwa na mitambo ya ajabu. Aliandika tarehe, mwaka baada ya mwaka, na tarehe zikajipanga: kusini mwa India kwanza, kisha Malé, kisha visiwa vya kusini zaidi, kisha Shelisheli. Upepo wa chini wakati huo hauwasaidii, kwa hiyo akapendekeza kwamba hupaa zaidi ya mita 1,000, kwenye upepo unaoelekea wanakokwenda. Hii ni sayansi safi ya daftari na kalamu.

Udhaifu uko kwenye kipande cha mwisho, yaani kwetu. Ukiona basi la kijani Ubungo saa mbili na basi la kijani Chalinze saa nne, bado hujajua kama ni lilelile. Pantala yuko karibu kote katika tropiki, Afrika ikiwemo, na buu wake anaweza kukomaa kwenye dimbwi la mvua kwa takriban wiki sita. Kwa hiyo kereng'ende wakijaa mvua za vuli zinaponyesha, wanaweza kuwa wageni, wanaweza kuwa wazaliwa wa hapahapa, au mchanganyiko.

"Lakini tafiti za baadaye zimethibitisha!" utaniambia. Tuziangalie. Mwaka 2012 Anderson na wenzake walipima haidrojeni kwenye mbawa za kereng'ende wa Maldivi, wakaona kwamba walikulia kaskazini mwa bara Hindi, mbali kuliko ilivyodhaniwa. Safi sana, ila mbawa hueleza mdudu alikotoka, si anakokwenda. Mwaka 2016 vinasaba vilionyesha kwamba Pantala wa mabara tofauti wanafanana mno. Hiyo inaonyesha kuchanganyika, haichori njia. Mwaka 2021 hesabu za upepo na mafuta ya mwilini zilionyesha kwamba safari inawezekana. Kuwezekana na kufanyika ni vitu viwili. Kozi wa Amur, ndege anayevuka bahari hiyohiyo, alibebeshwa kifaa cha satelaiti na njia yake ikaonekana. Mdudu asiyefika gramu moja huwezi kumbebesha.

Usiseme natafuta kasoro tu. Kama ni walewale, kukauka kwa madimbwi ya India ni jambo la Tanga na Mombasa pia. Kama ni wazaliwa wetu, basi la kulinda ni madimbwi yetu. Majibu hayo mawili yanadai kazi tofauti kabisa.

Kipimo cha kweli kinajulikana: mbawa za kereng'ende waliokamatwa pwani yetu Novemba, zipimwe haidrojeni vilevile kama za Maldivi. Wewe unaweza kuanza na cha bei rahisi zaidi, alichoanza nacho Anderson: siku ukiwaona wamejaa, andika tarehe, mahali, na kama mvua ilishanyesha. Na habari yenyewe endelea kuisimulia, ila irudishie alama yake ya kuuliza.